Mtamba au leseni: safari ya programu ya maziwa kwenye kompyuta zisizo na Access

Mwenyekiti aliuliza swali moja tu kikaoni. "Kijana, hizo hela za leseni tano, si tunapata mtamba hapo?"

Nikapiga hesabu ya haraka kichwani, nikaona mzee hajakosea sana. Wajumbe wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nilishajua kwamba hoja ya kununua Access, programu ya Microsoft ya kutengenezea kanzidata, kwa kila kompyuta imezikwa palepale, kati ya birika la chai na sahani ya mihogo.

Chama chenyewe ni cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, huku Tanga, upande wa milimani. Maziwa yanaletwa asubuhi na jioni, yanapimwa ubora kwa laktomita, yanapimwa lita, yanaandikwa. Mwisho wa mwezi kila mfugaji analipwa lita zake, baada ya kukatwa pumba, mashudu na dawa ya kupe alizokopa stoo. Kwa miaka kazi hiyo ilifanywa kwenye kauntabuku. Kisha ikahamia Excel, faili moja kila mwezi, na rangi nyingi kuliko duka la khanga. Nikaombwa nitengeneze kitu kinachoeleweka, nikakitengeneza kwa Microsoft Access.

Najua wapo watakaocheka. Access imetoka kwa mara ya kwanza 1992, na vijana wa siku hizi wakisikia jina hilo wananiangalia kama nimetaja kaseti. Mimi sina haya nayo. Kule mlimani intaneti inakuja na kuondoka kama mgeni asiye na shughuli, na ofisi ina kompyuta tano zilizo ndani ya jengo moja: mbili mapokezi, moja stoo, moja kwa mhasibu, moja kwa meneja. Kwa kazi ya namna hiyo nataka fomu, ripoti na kanzidata vikae kwenye chombo kimoja, na umeme ukirudi kazi iendelee bila kungoja mnara wa simu.

Tatizo ni kwamba mwenye Access kamili alikuwa mimi peke yangu, kwenye laptopu yangu. Fundi mmoja wa mjini alinishauri niwawekee Office ya kuchakachua, "kama wanavyofanya wote". Nilikataa. Dhambi sikuifikiria sana, nitasema ukweli. Nilifikiria simu nitakazopigiwa: kirusi kilichokuja na hiyo krak, ujumbe mwekundu wa leseni kila asubuhi, na mimi ndiye niliyeleta.

Dawa yake ipo na ni halali: Access Runtime. Ni Access ileile iliyofungwa mlango wa jikoni. Mtumiaji anakaa mezani, anahudumiwa, ila hawezi kwenda kugusa sufuria. Anafungua fomu, anaingiza data, anachapisha ripoti, lakini hawezi kubadilisha muundo wa chochote. Zamani msanidi alilazimika kununua toleo la wasanidi ndipo apate haki ya kuisambaza. Tangu Access 2007 Microsoft wanaitoa bure, unaipakua na kuigawa kwenye kompyuta nyingi utakavyo. Anayehitaji Access kamili ni yule anayejenga tu.

Nilipomweleza mwenyekiti hayo, alisema, "Basi mtamba wetu umepona." Nikadhani kazi imekwisha.

Kabla sijapanda mlimani nilifanya jambo moja ambalo namshauri kila mtu alifanye mapema kuliko nilivyolifanya mimi. Nilichukua nakala ya faili langu la .accdb, yaani faili la kawaida la Access, nikabadilisha herufi za mwisho ziwe .accdr, nikabofya. Hilo tu linatosha kuifanya Access kamili ijifanye Runtime. Utepe wa juu, ule wenye vitufe vyote, ukatoweka. Orodha ya majedwali na fomu iliyokuwa upande wa kushoto ikatoweka. Nikabaki na ukuta wa kijivu, maana sikuwa nimeweka fomu ya kufungukia. Siku zote nilikuwa nabofya nikitakacho kwenye ile orodha. Nilijikuta mgeni kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Kumtafuta mfugaji? Nilizoea kutumia kitufe cha utepe. Kuchuja lita za wiki? Utepe. Kuchapisha? Utepe. Usiku ule ndio nilioanza kutengeneza programu kwa maana halisi: menyu yake, kisanduku chake cha kutafutia, kitufe chake cha kuchapa, kitufe chake cha kutokea.

Nikakusanya vitu vyangu kwenye fleshi, nikapanda gari la asubuhi.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kompyuta ya meneja. Ilikuja na Office 2019, ile yenye Word na Excel bila Access, ya biti 64 (programu hizi huja kwa aina mbili, biti 32 na biti 64). Mimi nilibeba Runtime ya 2016 ya biti 32. Ikakataa: hazichanganyiki. Nikatoa ya biti 64 (nilibeba zote mbili, nikajiona mjanja), ikakataa kwa sababu nyingine. Kumbe Office za siku hizi husakinishwa kwa mtindo uitwao Click-to-Run, na Runtime yangu ilikuwa ya mtindo wa zamani wa Windows Installer, na mitindo hiyo miwili haikai chumba kimoja. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa upole, lakini haukufungua njia.

Nikashuka mjini mikono mitupu. Nikapakua Runtime ya Microsoft 365, ambayo ni ya Click-to-Run, kwa kutumia Office Deployment Tool, kifaa cha Microsoft cha kupakulia na kusakinishia Office, ili mafaili yote yashuke mara moja yakae kwenye fleshi. Vinginevyo kila kompyuta ingejipakulia yenyewe, kwa bando langu. Nikaamua kompyuta zote tano zitumie hiyohiyo, biti 64, hata zile ambazo hazina Office kabisa. Kuchanganya ni kujitafutia kesi.

Kesi yenyewe ikanifuata hata hivyo. Programu niliyokusudia kuwapa ni .accde, yaani faili lililokwisha kufungwa: msimbo umekusanywa, hakuna wa kuusoma wala kuubadilisha. Sasa, .accde iliyofungwa kwenye Access ya biti 32 haifunguki kwenye biti 64. Laptopu yangu ilikuwa na biti 32. Ikanibidi nifute Office yangu, niweke ya biti 64, niongeze neno PtrSafe kwenye mistari miwili ya msimbo iliyokuwa ikiita vitu vya Windows, nikusanye upya, nifunge upya. Na hapa nisisitize, maana nimeona watu wakilia: .accdb yenyewe usiitupe. Ukibaki na .accde peke yake, umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe na ufunguo umeumeza.

Safari ya pili mambo yalikwenda. Ghala la data, yaani majedwali peke yake, nililiweka kwenye kompyuta ya mhasibu ndani ya folda ya pamoja. Kaunta, yaani fomu, ripoti na msimbo, kila kompyuta ikapata nakala yake. Usije ukawaacha watu watano wafungue faili moja la kaunta kutoka kwenye folda ya mtandao. Itafanya kazi wiki mbili, halafu faili litaharibika siku ya malipo. Na kompyuta zote nikaziunganisha kwa waya, ingawa meneja alitaka Wi-Fi kwa sababu ukuta ulikuwa umetoka kupakwa rangi. Access haina seva inayopokea maombi. Kila kompyuta inalishika lile faili la ghala yenyewe kupitia mtandao. Mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, umeacha sentensi nusu ndani ya kitabu cha watu wote. Tukatoboa ukuta. Meneja hakunisemesha mpaka mchana.

Njia ya kwenda kwenye ghala niliiandika kwa jina la kompyuta, kwa mtindo wa \\MHASIBU\Maziwa. Herufi za diski za mtandao kama Z: nimeachana nazo, kwa sababu Z: ya mapokezi ilikuwa Y: ya stoo, na ya meneja haikuwepo.

Likabaki onyo. Kila aliyefungua programu alikutana na kisanduku kinachosema huenda kuna hatari ya usalama. Mama mhasibu, mtu mzima aliyenizidi miaka ishirini na zaidi, akatoa mkono kwenye kipanya kama ameguswa na pasi.

"Mwanangu, hiki si kirusi hiki?"

"Hapana mama, ni Access inauliza kama inijue."

"Basi iambie ikujue."

Kwenye Access kamili ungeingia kwenye mipangilio, ukaongeza folda yako kwenye orodha ya mahali panapoaminika. Runtime haina mlango huo. Unaandika mwenyewe kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio, chini ya HKEY_CURRENT_USER, sehemu ya Trusted Locations, njia ya folda yako. Nikaandika kifaili cha .reg, nikabofya kwenye kompyuta zote tano, onyo likakoma. Baada ya siku tatu likarudi mapokezi. Lilikuwa linarudi jioni tu! Nilikaa na hilo fumbo usiku mzima mpaka nilipokumbuka kwamba dada wa zamu ya jioni anaingia Windows kwa akaunti yake, na nilichoandika kilimhusu mtumiaji mmoja tu, dada wa asubuhi.

Sasa niwapeleke kwenye asubuhi yenyewe.

Siku ya kwanza ya kazi nilikuwa kituoni saa 12 na dakika 20. Foleni ilishafika kwenye mti wa mparachichi: ndoo, madumu, baiskeli, bodaboda moja yenye madumu manne. Dada wa mapokezi anaandika namba ya mfugaji, jina linajitokeza, anaandika lita, anabofya Hifadhi, karatasi ndogo inatoka. Wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nikaanza kuvimba kichwa. Yule wa kumi na saba au kumi na nane hivi, laktomita ilizama kupita alama. Maji. Mpimaji akatikisa kichwa, mfugaji akaanza kuapa. Dada akaandika namba yake, sehemu ya lita akaiacha tupu, akabofya Hifadhi.

Kikatokea kisanduku kimoja, kisha programu yote ikafungika. Skrini ikabaki na picha ya bahari.

"Kaka, imezima."

Nilikijua kilichotokea hata kabla sijafika kwenye kiti. Msimbo wangu ulikuwa unazidisha lita kwa bei na kuweka jibu mahali panapokubali namba tu; lita zisipokuwepo jibu nalo halipo, na kuweka kitu kisichokuwepo mahali pa namba ni kosa namba 94. Kwenye laptopu yangu kosa kama hilo linasimamisha msimbo, linanionyesha mstari wenye tatizo kwa rangi ya njano, narekebisha, naendelea. Runtime haina huruma hiyo. Kosa lisilodakwa linakata kauli ya programu nzima: ujumbe mmoja kwamba haiwezi kuendelea, kisha kwaheri. Na mimi, kati ya fomu zote, nilikuwa nimeweka On Error, amri ya kudaka makosa, kwenye vitufe viwili tu.

"Andika sifuri," nikamwambia.

"Sifuri vipi, na yeye kaleta lita nane?"

Nyuma yake mfugaji akadakia, "Nane na nusu."

Nilinyamaza, maana dada alikuwa na haki. Sifuri ni mtu ambaye hakuleta. Huyu alileta, yakakataliwa, na chama kinataka kujua nani anakataliwa mara ngapi. Kauntabuku lao lilikuwa na safu ya jambo hilo tangu zamani, iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, na mimi nilidhani wino mwekundu ni mapambo. Asubuhi ile iliyobaki tulirudi kwenye karatasi. Jioni nilikaa stoo juu ya gunia la pumba, nikaongeza safu ya lita zilizokataliwa na sababu yake, kisha nikapita kila kitufe, kila fomu, kila ripoti, nikiweka mdaka-makosa. Anachofanya mdaka-makosa wangu ni mambo mawili: anamwambia mtumiaji kwa Kiswahili cha kawaida kwamba jambo hili halikuhifadhiwa, ajaribu tena, na anaandika kwenye jedwali maalumu tarehe, saa, kompyuta, jina la fomu na namba ya kosa. Tangu hapo nikipigiwa simu "imegoma", siulizi "ilisema nini?", kwa sababu jibu la swali hilo siku zote ni "ilisema kwa Kiingereza".

Kupeleka marekebisho nako kulinichosha mpaka nikapata akili. Mwanzoni nilikuwa natembea na fleshi kompyuta hadi kompyuta. Siku hizi toleo jipya naliweka kwenye folda moja ya ghala, na ile picha ya ng'ombe wanayoibofya kwenye skrini zao haifungui programu moja kwa moja. Inaendesha kifaili cha mistari minne: nakili kaunta kutoka ghalani, iweke kwenye folda ya C:, ifungue. Kila asubuhi wanafungua kaunta mpya bila kujua.

Nikakaa wiki tatu bila simu. Halafu ukafika mwisho wa Aprili.

Mama mhasibu alinipigia saa 3 asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka. "Mwanangu, kuna mzee hapa ana ng'ombe wawili. Programu yako inasema tumlipe lita 1,872. Hao ng'ombe wawili au zizi la jeshi?"

Mzee yule huleta kama lita 16 kwa siku. Mwezi mzima ni 480. Nikawaambia mapokezi watoe ripoti hiyohiyo kwenye kompyuta yao. Ikatoka 480. Ghala moja, programu moja, ripoti mbili! Nilipanda mlimani siku hiyohiyo nikishuku kila kitu: data za tangu Januari nilizoziingiza kutoka Excel yao, waya wa mtandao, hata panya.

Niliketi mbele ya kompyuta ya mhasibu, nikatoa ripoti, 1,872. Nikaenda mapokezi, 480. Nikarudi. Mara ya tatu au ya nne hivi, jicho likaangukia saa ya pembeni chini ya skrini. Mapokezi ilikuwa imeandikwa 4/30/2023. Kwa mhasibu, 30/04/2023.

Hapo miguu ikaniisha nguvu. Msimbo wangu ulikuwa unachukua tarehe kwenye fomu na kuibandika kama maandishi ndani ya kwiri, yaani ombi la kutafuta data kwenye majedwali. Windows inaiandika tarehe kwa mtindo wa kompyuta husika. Lakini kwiri ya Access ikikutana na tarehe kati ya alama za reli (#), inaisoma Kimarekani, mwezi kwanza, bila kujali kompyuta ipo wapi. Laptopu yangu haikuwahi kubadilishwa mipangilio tangu itoke dukani, ya Kimarekani kabisa, hivyo kwangu kila kitu kilikuwa sawa siku zote. Kwa mhasibu, ambaye alijipangia siku kwanza kama watu wote wenye akili, 01/04 ikasomeka tarehe 4 Januari. Na 30/04, kwa kuwa hakuna mwezi wa 30, Access ikajiongeza yenyewe ikaisoma 30 Aprili. Ripoti ya mwezi mmoja ikawa ya kuanzia 4 Januari hadi 30 Aprili. Siku 117. Zidisha kwa 16.

Kinachonikera mpaka leo ni kule kujiongeza. Ingekataa zote mbili ningejua siku ya kwanza. Dawa ilikuwa mstari mmoja, kuilazimisha tarehe iandikwe kwa mpangilio ninaoutaka mimi kabla haijaingia kwenye kwiri: Format(tarehe, "\#mm\/dd\/yyyy\#"). Nikautafuta na kuubandika mahali kumi na moja. Malipo yalichelewa siku moja, mzee wa ng'ombe wawili akapata haki yake, na akaniambia angepokea tu zile nyingine bila maswali.

Watu huniuliza kama programu ile ni salama kwa kuwa ipo kwenye Runtime. Hapana. Runtime si kufuli. Mtu mwenye Access kamili akilipata faili, atalifungua. Msimbo unalindwa na .accde, na ghala linalindwa na nywila na ruhusa za folda. Na wakiuliza kama itafanya kazi kwenye simu, jibu ni hapana tena: Access ni ya Windows basi. Mwenyekiti bado ananiuliza hilo kila mkutano mkuu, na kila mwaka simu yake ni kubwa zaidi.

Jana jioni nilifungua jedwali la makosa, mazoea ya kila wiki. Lilikuwa na mstari mmoja tu mpya: kompyuta ya mhasibu, ripoti ya malipo, kosa 2501, saa 10 na dakika 12 jioni. Nikampigia.

"Shikamoo mama. Leo jioni ulikuwa unachapisha, kukatokea nini?"

Kimya kidogo. "Karatasi ziliisha, nikaghairi. Sasa wewe umejuaje, mwanangu?"